Kupeleka Viazi Bugeshi

Siku ile, mbele ya ghala la mbegu la mzee mmoja wa Bugeshi, tulikuwa watu saba. Mzee mwenyewe, aliyetoka kanisani muda huo huo na Biblia bado iko kwapani. Mke wake, aliyeanza kucheka kabla hajajua kuna nini. Jirani yao, mwanamume aliyerudi kutoka Tanzania na Kiswahili kilichonyooka kama suruali yake ya Jumapili, ambaye kijiji kilimpa kazi ya usalama na yeye akaiweka moyoni. Mkuu wa mudugudu, yaani mwenyekiti wa kijiji, mama mwenye mtoto mgongoni. Mtoto simhesabu kwa sababu alikuwa amelala. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa anatafuna hindi la kuchoma ambalo mpaka leo hajaniambia alilipata wapi. Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, anayesoma sekondari na kujua sheria. Na mimi, mkubwa wao, niliyesimama mlangoni mwa ghala na gunia tupu mkononi, nikijaribu kuwaeleza watu wazima kwamba sikuja kuiba, nilikuja kurudisha.

Hakuna aliyeniamini. Ningekuwa mimi ndiye jirani, nisingejiamini pia.

Ili nieleweke lazima nianze na wizi wa kwanza, ule wa kweli.

Baba yetu alitangulia, mama akamfuata nikiwa na miaka kumi na mitano. Niliacha shule darasa la tano, kwa sababu nilikuwa nimechelewa kuanza na sasa nilikuwa na watu wawili wa kulisha. Mwalimu alikuja nyumbani mara moja kuniuliza nitarudi lini. Aliwaona wadogo zangu kwenye mkeka, akaiona sufuria imefunikwa juu ya jiko lisilo na moto, akaaga vizuri, hakurudi tena. Nikaanza kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Asubuhi boti zikifika Gisenyi, mjini kwetu, nilichukua beseni moja, nikapanda nalo kwenye vijiji vya juu ambako ziwa wanaliona kwa mbali tu, kama kipande cha bati. Bugeshi walipenda sambaza. Walikuwa hawana samaki na walikuwa na viazi; mimi nilikuwa na samaki na sikuwa na kitu kingine chochote.

Siku moja ilinyesha tangu alfajiri na samaki wangu walikuwa wa juzi. Nilizunguka nyumba zote. Hata paka wa Bugeshi walinusa beseni wakaondoka. Saa za kushuka nikapita pembeni ya shamba ambako walikuwa wanavuna, na magunia yamesimama njiani bila mtu. Yalikuwa matano yaliyojaa na moja la nusu. Nilichukua la nusu. Nakumbuka nilivyojiambia: nusu gunia ni nusu dhambi.

Sikufika kona ya pili. Yule jirani alikuwa mgeni kijijini wakati ule, ndiyo kwanza anarudi kutoka Tanzania, na alikuwa anatafuta jambo la kuonyesha kwamba amefika. Nilikuwa jambo lenyewe. Hakunipiga wala hakunitukana. Alinigeuza tu, akanirudisha mlimani nikiwa nimebeba ushahidi mwenyewe kichwani, na beseni la samaki waliooza mkononi, huku akiwasalimia watu njiani kwa adabu kubwa.

Mzee aliitwa kutoka shambani. Alikuja na tope mpaka magotini.

"Mzee, mwizi wako huyu hapa," jirani alisema.

Mzee alitazama gunia, akanitazama mimi, akatazama beseni, akarudisha uso kidogo kwa ile harufu.

"Nyumbani muko bangapi?" aliniuliza. Mzee huyu aliuza viazi Goma, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi, na Kiswahili chake ni cha soko la huko.

"Watatu."

"Mukubwa ni nani?"

"Ni mimi."

Akakwangua tope la jembe kwa kidole cha mguu. Watu walikuwa wanaongezeka. Kisha akasema, "Huyu ni mi nilimutuma."

"Ulimtuma?" jirani alisema. "Mzee, binti huyu humjui hata jina."

"We ukituma mutoto yako chumvi, unamuita jina yote mbili?"

"Lakini si mtoto wako."

"Tangu lini we unajua batoto yangu kunipita mi?" Halafu akanigeukia mimi, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana alikuwa amekasirika. "Na we, nilikuambia ubebe gunia muzima. Juu ya nini umebeba nusu? Unataka batu baseme mi ni bahili?"

Nilisema nisamehe. Sikujua ninaomba msamaha wa lipi kati ya hayo mawili. Mzee akaagiza gunia lijazwe, na kwa kuwa jirani ndiye aliyekuwa amesimama karibu, jirani ndiye aliyeshika mdomo wa gunia likijazwa. Mwenye mali alikuwa amesema, kesi ikakosa mshtaki. Nilishuka na gunia zima. Jirani alinisindikiza kwa macho, na macho yale yalisema: najua, unajua, na Mungu anajua.

Tulikula viazi vile karibu mwezi. Kitinda mimba alikuwa mdogo, akauliza nani ametupa. Nikamwambia nimenunua. Hapo nikaongeza uongo juu ya wizi, vyote kwa gunia moja ambalo mwenyewe alisema si wizi.

Mimi ni mtu wa kulipa. Sisemi kwa kujisifu. Ni namna nilivyolelewa na maisha. Kando ya ziwa, samaki wa bure ni samaki aliyeoza. Nimewalea watoto wawili bila kupokea kitu nisichokirudisha, hata kiberiti. Kwa hiyo miaka yote iliyofuata nilijaribu kumlipa yule mzee. Nikimpelekea sambaza, alinipa viazi, basi ikawa biashara ya kawaida na mimi ndiye niliyepata faida. Nikiomba kumlimia, alinipeleka jikoni kumenya viazi na mke wake, halafu nikalishwa vile nilivyovimenya. Mara moja niliacha kuku mlangoni nikakimbia. Jumatano iliyofuata kuku alirudi Gisenyi mgongoni mwa pikipiki, na vifaranga vinne kwenye boksi.

Mwaka huu mimi na wadogo zangu tuliamua kubatizwa. Mama alikuwa ametutaka tuingie majini wote watatu siku moja, na kila mwaka kulikuwa na sababu: ada ya shule, malaria, mvua. Safari hii kitinda mimba alisema, "Yaya, mwaka huu au sitabatizwa kabisa." Wadogo zangu wananiita yaya, dada mkubwa. Na kaka yake akasema kwamba kama yaya haingii, yeye pia haingii, kwa sababu hajui kuogelea.

Mafundisho yalikuwa Jumamosi alasiri. Mwalimu wetu alikuwa mstaafu wa forodha aliyekulia ng'ambo ya mpaka, mwenye miwani miwili, mmoja wa kusoma na mmoja wa kututazama. Alitufundisha wiki sita kwamba mtu ni mwenye dhambi, kwamba amekombolewa na mwingine, na kwamba Mungu humhesabia haki kwa imani tu. "Bila matendo," alisema. "Mutu asilete kitu. Mukono tupu. Miaka makumi mbili nilifungua mizigo ya batu mupakani, na kila mutu ananiambia hana kitu, na kila mutu iko na kitu. Pale kwa Mungu ni kinyume. Kila mutu anasema iko na kitu, na hana kitu."

Watu walicheka, mimi nikaandika. Wiki ya mwisho kukawa na mtihani wa mdomo, mmoja mmoja, mbele ya wenzako.

"Mutu anahesabiwa haki mbele ya Mungu kwa nini?"

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa, lakini nilipofungua mdomo lilitoka jibu ninaloliamini. "Kwa kuvumilia," nilisema. "Na kufanya kazi. Na kutochukua kitu cha mtu, isipokuwa mara moja."

"Bon," mwalimu alisema, yaani vizuri, kwa Kifaransa chake. "Hapana."

Nyuma yangu nilimsikia kitinda mimba akishusha pumzi.

Mwalimu akabadilisha miwani. "Hii mara moja ni ya nini?"

Nikasimulia. Sijui kwa nini nilisimulia. Nadhani kwa sababu nilikuwa nimeshaanguka mtihani na sikuwa na cha kupoteza. Nilipofika kwenye paka, darasa zima lilikuwa linacheka, na mdogo wangu wa kiume zaidi ya wote. Kitinda mimba hakucheka. Alikuwa ndiyo kwanza anasikia viazi vile vilitoka wapi.

"Donc bado hujatengeneza," mwalimu alisema. Donc yake ni "basi" yetu. Katika makanisa yetu, kutengeneza ni kwenda kwa uliyemkosea, kumrudishia chake na kumaliza. Wazee walikuwa wanarudisha majembe waliyoyaiba miaka thelathini nyuma. "Kanzu nyeupe inapewa mutu aliyetengeneza. Ubatizo ni Jumapili ya pili, si kesho. Enda."

Kitinda mimba akanyoosha mkono. "Mwalimu, ulisema bila matendo."

"Bila matendo, ndiyo. Lakini huwezi kuingia na gunia ya mutu kichwani."

Nilipenda jibu lile. Lilikuwa na gunia ndani yake, na gunia ni kitu ninachokijua. Nikaona dawa: nimlipe mzee bila yeye kujua. Akijua atarudisha, kama kuku. Basi nitakwenda Jumapili asubuhi wakati yuko kanisani, nitaingiza viazi ghalani mwake, nivichanganye na vyake ili asiweze kuvitenga na kunirudishia, nishuke. Nilipowaeleza wadogo zangu, wa kiume aliona ni mpango mzuri. Kitinda mimba alisema ni mpango wa mwizi uliogeuzwa ndani nje. Lakini alikuja.

Ukitaka kujua watu wanakuonaje, peleka viazi Bugeshi. Nilinunua gunia sokoni Gisenyi, kutoka kwa mama aliyeniambia kwa fahari kwamba vimeshuka kutoka Bugeshi jana. Kwenye gari, kondakta aliuliza gunia linakwenda wapi. Nikamwambia. Akamwambia dereva. Dereva akazima redio ili asikie vizuri. Mahali gari lilipokomea tulikodi pikipiki moja, na kwa kuwa hatukuwa na nauli ya pikipiki tatu, gunia ndilo lililopanda pikipiki, sisi tukalifuata kwa miguu.

"Yaya," mdogo wangu wa kiume aliniambia tukipanda, "ungekuwa umelipa siku ile ile ungekuwa umelipa nusu."

"Tembea."

"Nasema tu. Uliiba nusu, unarudisha zima. Ile nusu nyingine ni ya nani?"

"Ile nusu nyingine alinipa."

"Sasa alichokupa unakirudisha kwa nini?"

Nikamwambia achunge viatu vyake.

Boma la mzee lilikuwa kimya. Tulisikia nyimbo kutoka kanisani, kilima cha pili. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ghala jipya la mbao ambalo sikuwahi kuliingia, lenye nafasi kati ya ubao na ubao ili mwanga upite. Niliwaweka wadogo zangu walinde, mmoja njiani na mmoja kwenye kona ya nyumba. Wa kiume tukakubaliana kwamba akiona mtu ataimba pambio.

Ndani kulikuwa na vichanja vya miti, ngazi juu ya ngazi, na viazi vimetandazwa juu yake kimoja kimoja, vidogo vya kulingana, vimegeuka kijani na kuota vichipukizi vifupi. Nilimwonea mzee huruma. Nilidhani viazi vyake vimeharibika na hana mtu wa kumsaidia kuvitupa. Mimi ni mtu wa samaki. Kwetu kitu kikibadilika rangi ndiyo mwisho wake. Nikafungua gunia langu, nikamwaga viazi vyangu safi juu ya vichanja vyote, kidogo huku, kidogo kule, nikavichanganya kwa mikono miwili kwa uangalifu kabisa. Sijawahi kufanya kazi kwa moyo mweupe kama ule.

Nilipogeuka, jirani alikuwa mlangoni. Alikuwa amepewa zamu ya kulinda kijiji wakati wa ibada, kwa sababu wezi wanajua saa za kanisa. Miaka ilikuwa imepita tangu anikamate, lakini hakuwa amesahau.

"Wewe tena," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa na kitu kama shukrani.

Hapo ndipo nikasikia, kwa mbali na kwa mdomo uliojaa mahindi, mdogo wangu akianza pambio.

Jirani alimpigia simu mkuu wa mudugudu, na kanisa lilipotoka, mkuu alikuja pamoja na mzee na mke wake. Ndivyo tulivyofika saba.

"Ninarudisha," nilisema.

"Kila ninayemkamata anarudisha," jirani alisema. "Sijawahi kumkamata anayechukua."

Kitinda mimba aliingilia. "Baba, kwa sheria, wizi ni kuondoa kitu mahali pake. Sisi tumeongeza. Hesabu viazi."

"Binti yangu, nani anajua hesabu ya viazi vya mzee?"

"Basi huwezi kusema vimepungua."

"Wala wewe huwezi kusema vimeongezeka."

Mkuu wa mudugudu aliwaambia wanyamaze wote wawili, kwa sababu mzee alikuwa ameingia ghalani na hajatoka. Tukamfuata. Alikuwa amesimama mbele ya vichanja, ameshika kiazi changu kimoja laini mkono mmoja na kimoja cha kijani mkono mwingine. Uso wake ulibadilika. Miaka yote ile, hata siku ya wizi, sikuwahi kuuona uso ule. Akaketi kwenye kizingiti, Biblia juu ya magoti.

"Ni mbegu," mkuu aliniambia polepole, kama mtu anayempa mwingine habari za msiba. "Hivi si viazi vya kula, dada. Amevichagua kimoja kimoja. Ni vya kupanda wiki ijayo, na nusu ya kijiji watapanda kutoka hapa. Vyako vya soko vinaweza kuwa na ugonjwa wa mnyauko. Ukiingia shambani, hautoki miaka na miaka."

Hapo nilitamani ningekuwa mwizi. Mwizi angemwachia mbegu zilizobaki zikiwa salama. Mimi nilikuwa nimemlipa, na malipo yangu yalikuwa kila mahali, ngazi zote, nimeyachanganya kwa mikono miwili. Nikakaa chini kwenye udongo. Sikuomba msamaha. Safari hii nilijua kosa ni lipi, na neno halikutoka.

Mkuu alikuwa mama mpole lakini alikuwa na kazi yake. "Mzee, lazima niulize. Huyu ameingia kwako bila ruhusa na ameharibu. Tufanye nini? Ukisema twende ofisini, tutakwenda."

Mzee alivigeuza vile viazi viwili mikononi, akavigeuza tena. Mke wake alikuwa ameacha kucheka. Mdogo wangu wa kiume alificha hindi nyuma ya mgongo.

"Ni mi nilimutuma," mzee alisema.

Jirani alishika kichwa. "Mzee."

"Nilimutuma alete viazi ya kula. Amekosa nyumba. Jikoni iko kule, yeye ameingiza huku. Batoto banakosa."

"Mara ya kwanza ulimtuma atoe. Mara ya pili ulimtuma alete. Mzee, wewe unatuma sana."

"Kama uko na muguu, nitakutuma na we. Leta mikeka."

Na jirani, kwa suruali yake iliyonyooka, akaenda kuleta mikeka.

Tulikaa wote saba juani tukachambua. Chenye vichipukizi, kikapu hiki. Laini kisicho na kitu, kikapu kile. Nitasema ukweli kuhusu jirani: hakuna aliyefanya kazi kama yeye. Alinyanyua kila kiazi kwenye mwanga, akakizungusha, akakinusa. Vilivyoleta mashaka alinionyesha mimi. "Hiki chako au chake?" Niliangalia, sikujua. Vikawekwa fungu la tatu, na lilikua, maana vingine vya mzee vilikuwa bado havijaota na vingine vyangu vilikuwa vimeanza. Mzee akasema la tatu lote lipikwe pamoja na vyangu, hata kama kuna mbegu nzuri ndani. Mke wake akawasha moto.

Tukala, kwa chumvi na maharage. Viazi vyangu, malipo yangu ya miaka yote, vilikuwa kwenye sinia katikati yetu, vikipungua. Jirani alikula kuliko wote, akamaliza ushahidi.

"Mutoto yangu," mzee aliniambia. "Ulikuja kunilipa?"

"Ndiyo, mzee."

"Ile siku nilisema mbele ya batu, ni mi nilikutuma. Sasa ukinilipa, haikuwa mi. Itakuwa uliiba. Donc nilidanganya kijiji muzima. Unataka nikufe muongo?"

"Lakini ulidanganya kweli," jirani alisema akimenya kiazi. "Kwa heshima zote."

"Nilisema nini? Nilisema ni mutoto yangu." Mzee akaninyooshea kiazi alichoshika. "Sasa muangalie. Amekuja bila kuita, ameharibu ghala, ameketi, anakula. Kama huyu si mutoto, ni nini?"

Mkuu wa mudugudu alicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. Jirani alifikiri sana, kisha akachukua kiazi kingine.

Jioni tulipoaga, mzee alitoa gunia lake mwenyewe, kubwa, lenye mshono wa uzi wa buluu, likajazwa viazi vya jikoni vya kweli. Nilikataa. Kitinda mimba alinifinya nikanyamaza. Jirani alishika mdomo wa gunia. Sasa ana uzoefu.

"Viazi ni yenu," mzee alisema. "Gunia ni yangu. Mulirudishe."

Jumamosi nilisimama tena mbele ya mwalimu. Wadogo zangu walikuwa wameshapewa kanzu zao na walizishika kifuani bila kuzikunjua, wananingoja.

"Donc," mwalimu alisema. "Umetengeneza?"

"Nilijaribu, mwalimu. Nimeharibu mbegu zake, nimekula viazi nilivyomlipa, nimerudi na gunia kubwa kuliko nililopeleka."

Akavua miwani yote miwili. "Na yeye anasema nini?"

"Anasema ni yeye aliyenituma. Anasema mimi ni mtoto wake."

"Na we unasema nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na miaka ya beseni kichwani, na ada nilizolipa, na watoto wawili waliosimama wima nyuma yangu, nami ndiye niliyewasimamisha. Vyote hivyo nilikuwa tayari kuvitaja. Lakini nilimkumbuka mzee ameketi kwenye kizingiti, na jinsi ilivyomchukua muda kusema lile neno mara ya pili, kwa sababu mara ya pili lilikuwa na bei na yeye aliijua.

"Nasema," nilianza, nikakwama. "Nasema, kama yeye amesema, basi ni hivyo."

Mwalimu alinitazama bila miwani, sijui aliona nini. "Bon," alisema, akanipa kanzu. Ilikuwa fupi, iliyobaki ilikuwa ya mtoto.

Tuliingia ziwani Jumapili, sisi watatu, mimi wa kwanza. Wavuvi wanaoniuzia sambaza walisimamisha boti zao kutazama, na mmoja akauliza kwa sauti kama leo nimeamua kuwafuata samaki huko huko chini. Mzee na mke wake walikuwa wameshuka kutoka Bugeshi. Jirani pia alikuja, suruali imenyooka, akasimama mbele kabisa, karibu na maji. Nafikiri alitaka kuhakikisha nimezama.

Mbegu zilipandwa. Kila wiki nampigia jirani kuuliza kama kuna mche ulionyauka, na kila wiki ananijibu kama anatoa ushahidi: mpaka leo hakuna, lakini hawezi kusema juu ya kesho.

Gunia nililirudisha wiki mbili baada ya ubatizo, limefuliwa na kukunjwa. Mzee alilipokea, akanishukuru, akaingia nalo ndani, na nilipokuwa naaga lilitoka limejaa. Nililirudisha tena mwezi uliofuata, nikaliacha kwa jirani nisionane na mzee. Jirani mwenyewe alinishushia, limejaa, akisema ametumwa.

Sasa limefuliwa tena, limekauka, liko kwenye msumari nyuma ya mlango, na ule uzi wa buluu. Jana jirani alinipigia. "Dada, mzee anauliza gunia lake." Nikamwambia nitalileta. Mdogo wangu wa kiume alisikia, akasema twende Jumapili hii, na ameshaulizia pikipiki kama inaweza kutungoja kwa ajili ya mzigo wa kurudi.